Harry Thuku: Aliyepinga kidole cha Mwafrika kugeuzwa pingu

Mwaka 2019, serikali ya Kenya ilipoanzisha usajili wa Huduma Namba, wakazi wa Bondeni mjini Nakuru, kama wenzao kote nchini, walitakiwa kuweka vidole vyao kwenye kifaa kidogo cha kielektroniki na kupigwa picha ya uso. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Hapakuwa na wino wala kitambaa cha kujipangusia.

Shughuli hiyo haikuwa ngeni katika Bonde la Ufa. Takriban miaka 100 kabla yake, wanaume waliokuja Nakuru kutafuta vibarua katika mashamba ya walowezi na kazi za reli walichovywa vidole katika wino, alama zao zikachapwa karatasini na kuhifadhiwa Nairobi, nao wakapewa cheti kilichojulikana kama kipande. Kitambulisho cha leo kingali kinaitwa kwa jina hilo na Wakenya wengi, ijapokuwa wengi wao hawakuwahi kuiona ile kopo ndogo ya chuma iliyolizaa.

Mwafrika aliyekuwa wa kwanza kuifanya alama ya kidole kuwa suala la siasa ya umma nchini alikuwa Harry Thuku, karani wa simu katika Hazina ya serikali. Jina lake linatajwa kila siku na madereva wa teksi jijini Nairobi, kwa kuwa amepewa barabara inayopita kati ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Hoteli ya Norfolk. Maisha yake yenyewe hayatajwi sana, na huenda sababu ni kwamba hayakwenda jinsi mashujaa wanavyotarajiwa kwenda.

KIJANA WA KAMBUI

Thuku alizaliwa mwaka 1895 huko Kambui, Kiambu. Alikulia jirani na kituo cha wamisionari wa Kimarekani wa Gospel Missionary Society, akaishi kwa miaka kadhaa katika nyumba ya mmisionari William Knapp, na huko ndiko alikojifunza kusoma na kuandika. Jina la Harry alilipata kutokana na dini hiyo mpya.

Mwaka 1911 aliingia Nairobi, mji uliokuwa na umri wa miaka 12 tu tangu reli ifike hapo. Hakukaa muda mrefu kabla ya kupata mashaka. Alishtakiwa kwa kughushi hundi, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Wanaomsifu huipitia habari hii haraka, lakini ni vyema ikumbukwe, kwa kuwa Thuku aliujua uzito wa karatasi yenye saini kabla hajapata umri wa miaka 20. Alijua kuwa karatasi inaweza kumfungua mtu mlango au kumfunga.

Baada ya kifungo alipata kazi katika gazeti la walowezi lililoitwa Leader, kwenye mitambo ya kuchapia. Hapo alipanga herufi za habari ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya watu wa kwao, akasoma hoja za walowezi kuhusu ardhi na wafanyakazi zikiwa bado mbichi. Kuelekea mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alihamia Hazina, akawa mwendeshaji wa mtambo wa simu.

Yafaa kusisitiza jambo hili, maana wakoloni walipenda kumweleza Mwafrika aliyewapinga kuwa ni mtu wa kale anayeogopa mambo mapya. Thuku hakuwa hivyo hata kidogo. Kwa kipimo cha Nairobi ya mwaka 1920, alikuwa miongoni mwa Waafrika wachache waliofanya kazi na mitambo mipya kuliko yote iliyokuwapo nchini: mtambo wa chapa na mtambo wa simu. Baadaye angeitumia telegramu na motokaa kuliko kiongozi mwingine yeyote wa Kiafrika wa wakati wake. Ugomvi wake haukuwa na mashine. Aliuliza nani anaishika, na anamshikia nani.

UFUNDI ULIOTOKA BENGAL

Ufundi wa kumtambua mtu kwa mistari ya ngozi ya kidole haukuzaliwa Ulaya. Uliingia katika utawala wa Waingereza kupitia Bengal, India, ambako mwaka 1858 afisa mmoja, William Herschel, alianza kuwachapisha wenyeji viganja kwenye mikataba ili wasije wakaikana. Mwaka 1892 mwanasayansi Francis Galton alitoa kitabu kilichoeleza kuwa alama hizo hazibadiliki mtu anapozeeka, na kwamba hakuna watu wawili wanaofanana.

Tatizo lililobaki lilikuwa moja: utaipataje alama moja katika rundo la maelfu? Jibu lilipatikana katika ofisi ya polisi ya Bengal chini ya Edward Henry, kwa msaada mkubwa wa maafisa wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Walizigawa alama kwa maumbo, kama vile tao, kitanzi na duara, wakaupa kila mkono hesabu yake, hata karani aliyekuwa na karatasi ya vidole aweze kuifikia nakala yake kabatini bila kujua jina la mwenyewe. Ofisi ya Calcutta ilianza kutumia utaratibu huo mwaka 1897, na polisi wa London wakaufuata mwaka 1901.

Maneno hayo, bila kujua jina la mwenyewe, ndiyo kiini cha habari yote. Kabla ya hapo, serikali ikimtaka mtu ilikuwa lazima imuulize jina lake, na mtu alikuwa na hiari ya kulitaja analotaka.

Nchini Kenya sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915. Vita vikaichelewesha, na utekelezaji ukaanza mwishoni mwa 1919 na kushika kasi mwaka 1920. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kujiandikisha. Cheti chake kilionyesha jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Mwajiri ndiye aliyetia saini ya kumruhusu kuondoka. Asiyetiwa saini hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na akikimbia alikuwa mhalifu.

Cheti kiliwekwa ndani ya kopo la chuma, watu wakalivaa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walilipa jina la mbugi, yaani kengele anayofungwa mbuzi ili mchungaji ajue aliko. Huenda hakuna uchambuzi wa kitaalamu uliowahi kuieleza teknolojia hiyo kwa neno moja kama walivyoieleza wao. Kufikia mwaka 1931 vyeti vilivyotolewa vilikuwa vimepita milioni moja.

BONDENI NA MILIMANI

Ili kufahamu uzito wa kipande, inafaa kuitazama Nakuru, ijapokuwa Thuku mwenyewe alikuwa mtu wa Kiambu na Nairobi. Mji huo ulianza kama kituo cha reli mwaka 1900, ukawa makao ya walowezi wa Bonde la Ufa. Mpangilio wake ulijieleza wenyewe. Wazungu walikaa Milimani, kwenye mteremko wa Menengai, na Bondeni, kama jina linavyodokeza, ikawa mmoja wa mitaa ya kale ya Waafrika upande wa chini wa mji.

Mashamba yaliyouzunguka mji, kuanzia Njoro na Molo hadi Subukia, Bahati na Naivasha, yalihitaji watu wengi, na hayakutaka kuwalipa vizuri. Baada ya vita serikali iligawa ardhi zaidi kwa wanajeshi wa Kizungu waliostaafu. Ushuru wa kibanda na wa kichwa ukapandishwa mwaka 1920. Sheria ya mwaka 1918 ilikuwa tayari imewataka maskwota, Waafrika walioishi na kulima kwenye mashamba hayo, wafanye kazi kwa mwajiri siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kisha mwaka 1921, bei za mazao zilipoanguka, walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja.

Katika hali ya kawaida, kibarua aliyepunguziwa mshahara au aliyepigwa kiboko angefunga virago usiku na kuhamia shamba la pili. Hiyo ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo, na ilikuwa silaha kweli, kwa kuwa walowezi walikuwa na uhaba wa wafanyakazi. Njia aliyoitumia ilikuwa rahisi: alibadilisha jina.

Wala hilo halikuwa udanganyifu kama lilivyoonekana machoni pa mwajiri. Miongoni mwa Wakikuyu, Wajaluo, Wakipsigis, Waluhya na wengineo waliokutana katika mashamba ya Nakuru, mtu hakuwa na jina moja. Alikuwa na jina alilorithi kwa jamaa au alilopewa kwa saa aliyozaliwa, jina la baba, jina la utani na, kwa baadhi yao, jina la rika alilotahiriwa nalo, na kila moja lilikuwa la kweli mbele ya watu waliomwita kwalo. Mtu alikuwa nani ilitegemea amesimama mbele ya nani. Kwa baba mkwe alikuwa huyu, kwa marika wake yule.

Kipande kilikomesha uhuru huo. Aliyetoroka Njoro na kujiandikisha Subukia kwa jina jingine aligunduliwa kwa mistari ya kidole chake mwenyewe. Mwili wake ulimshuhudia dhidi yake. Tangu hapo, mbele ya serikali, mtu hakuwa yule aliyejulikana na ukoo wake wala yule aliyejitaja, bali alikuwa namba iliyokaa kabatini Nairobi, na historia yake fupi iliandikwa na mwajiri wake.

Mbele ya sheria hiyo Mzungu hakuguswa. Mhindi naye hakuguswa. Mwanamke Mwafrika pia hakupewa kipande, ingawa hilo halikumwepusha na mateso ya aina nyingine.

TANGAZO NA TELEGRAMU

Mwaka 1920 machifu na wazee wa Kiambu waliunda Kikuyu Association, chama kilichoongea na serikali kwa adabu kuhusu ardhi. Vijana wenye kazi mjini waliona adabu hiyo haina tija. Juni 1921 Thuku na wenzake walianzisha Young Kikuyu Association, na muda mfupi baadaye wakakipa chama jina la East African Association, kwa kuwa Nairobi haikuwa ya Wakikuyu peke yao na kipande hakikuchagua kabila. Uamuzi huo wa jina, katika nchi ambayo siasa yake ingekuja kuandamwa na ukabila, haujapewa sifa unayostahili.

Madai yao yalikuwa ya wazi: kipande kiondolewe, ushuru upunguzwe, mishahara irudishwe, na wanawake na wasichana waache kushurutishwa na machifu kufanya kazi za barabarani na mashambani. Dai hili la mwisho ndilo lililowafanya wanawake wa Murang'a watunge nyimbo za kumsifu.

Julai 10, 1921 mkutano mkubwa ulifanyika Nairobi. Thuku hakuyapeleka maazimio yake kwa mkuu wa wilaya ili yapande ngazi kwa ngazi hadi yapotee. Aliyatuma London kwa telegramu. Machifu walighadhabika kwa kurukwa, na maafisa nao wakashtuka kwamba karani wa simu wa Hazina ameweza kuuzungumzisha utawala wote wa himaya kwa ada ya maneno machache. Waajiri wake walimtaka achague kati ya siasa na kazi. Alichagua siasa.

Alipata msaada kwa M. A. Desai, mwanasiasa wa Kihindi aliyehariri gazeti la East African Chronicle, na katika mtambo wa gazeti hilo kikachapwa kijarida cha Thuku kilichoitwa Tangazo. Kwa Wahindi suala la alama za vidole halikuwa geni. Mwaka 1906 serikali ya Transvaal, Afrika Kusini, ilitunga sheria ya kuwataka Waasia wote wajiandikishe kwa vidole, na wakili Mohandas Gandhi akaongoza upinzani. Mwanzoni mwa 1908 Gandhi alikubali kutoa alama zake kwa hiari, kwa matumaini kuwa serikali ingeifuta sheria hiyo, na Mhindi mwenzake aliyeona amewasaliti akampiga vibaya. Serikali haikuifuta. Agosti mwaka huo vyeti vikachomwa moto mjini Johannesburg.

Tofauti aliyoiona Gandhi ilikuwa kati ya kutoa na kutozwa. Kidole ni kilekile, wino ni uleule, bali anayetoa kwa ridhaa hujiona bado ni mtu. Miaka 112 baadaye, Januari 30, 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi walilazimika kuupima mpaka kama huo katika kesi ya Huduma Namba iliyowasilishwa na Jukwaa la Haki za Wanubi na wengine. Waliruhusu usajili uendelee kwa sharti la kuwekwa kwanza kanuni madhubuti za kulinda data, lakini wakakataza kukusanywa kwa vinasaba na kutumiwa kwa setilaiti kuonyesha mahali hasa mtu anapoishi. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilitamka kuwa utoaji wa kadi zenyewe ulikiuka sheria, kwa kuwa serikali haikuchunguza kwanza madhara yanayoweza kuwapata wenye data. Mwaka 1920 hapakuwa na mahakama ya kumsikiliza kibarua wa Njoro juu ya jambo kama hilo.

Mwisho wa 1921 na mapema 1922 Thuku alizunguka kwa motokaa akihutubia maelfu. Maneno yake yalizidi kuwa makali. Aliwahimiza watu wavikusanye vipande vyao na kwenda kuvimwaga kwenye lango la makao ya Gavana. Kwa serikali, huko kulikuwa kuvuka mpaka. Mtu mmoja asiye na kipande ni mhalifu wa kawaida, hutozwa faini au hufungwa. Laki moja wasio na vipande ni kabati lisilo na kazi.

MACHI 1922

Thuku alikamatwa Machi 14, 1922. Wafanyakazi wa Nairobi waligoma na kukusanyika nje ya kambi ya polisi alikofungiwa, jirani na Hoteli ya Norfolk. Kufikia Machi 16 umati ulikuwa wa watu 7,000 au zaidi, wakiwemo wanawake wengi.

Wajumbe waliokwenda kuzungumza na serikali walirudi na ahadi tu, wakawasihi watu watawanyike. Baadhi walianza kuondoka. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipojitokeza, akawadhihaki wanaume kwa kuinua vazi lake, tusi zito kuliko yote katika mila za Wakikuyu, kwa maana kwamba kama wao ni waoga basi wavae nguo zake na kumpa zao. Umati ulisonga mbele. Askari walifyatua risasi, na kulikuwa na madai mazito kwamba walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk nao walifyatua. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Serikali ilihesabu maiti 21. Walioshuhudia na waliowazika jamaa zao walitaja idadi kubwa zaidi.

Nyanjiru hakuwa na kipande. Sheria haikumtaka awe nacho. Alikufa kwa ajili ya chuma kilichoning'inia kwenye shingo za wengine, na kwa ajili ya kulazimishwa kazi, balaa lililokuwa lake mwenyewe.

Thuku hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa uhamishoni Kismayu, wakati huo ikiwa sehemu ya Kenya. Eneo hilo lilipokabidhiwa Waitalia mwaka 1925 alihamishwa, na hatimaye akawekwa Marsabit. Gazeti la Desai lilizimwa. Chama kikapigwa marufuku. Ushuru ulipunguzwa kidogo, jambo linaloonyesha kuwa risasi hazikuwa jibu pekee la serikali. Kipande hakikuguswa.

MTU ALIYERUDI

Aliachiliwa mwishoni mwa 1930, baada ya karibu miaka tisa. Watu walimpokea kama nabii, na mwaka 1932 akachaguliwa rais wa Kikuyu Central Association. Lakini Thuku aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Alitaka mambo yafanywe kwa utaratibu wa sheria, akagombana na wenzake, na mwaka 1935 akaunda Kikuyu Provincial Association, chama kilichoahidi utiifu kwa Mfalme wa Uingereza. Mwaka 1944 alichaguliwa mwenyekiti wa kwanza wa chama kilichokuja kuwa Kenya African Union, akajiuzulu upesi na nafasi yake kuchukuliwa na James Gichuru. Akarudi Kambui kulima kahawa.

Wapo waliomwita msaliti. Wengine husema miaka tisa ya upweke ilimvunja. Maelezo yote mawili ni mepesi mno. Tangu mwanzo Thuku aliamini kuwa himaya ina sheria nzuri zinazovunjwa na watu wabaya, na kwamba ukiifikishia London ukweli, London itasikia. Ndiyo maana alituma telegramu. Imani hiyo ilimfanya mwasi mwaka 1921 na mtiifu mwaka 1935, bila yeye mwenyewe kubadilika sana.

Wakati huo vita vya kipande viliendelezwa na wengine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari Waafrika waliokuwa wamepigana Burma hawakutaka tena kuvaa kopo shingoni, na KAU, ambayo Jomo Kenyatta alianza kuiongoza mwaka 1947, ililifanya suala hilo kuwa ajenda. Serikali ilirudi nyuma kwa njia ya ajabu. Sheria mpya ya mwaka 1947 ilitaka watu wa kabila na rangi zote wajiandikishe, na wote watoe alama za vidole.

Kilichofuata kinastahili kukumbukwa kila mara mtu anapoambiwa kuwa teknolojia ya kumtambua binadamu haina upendeleo. Walowezi walipandwa na hasira. Walifanya mikutano, wakaunda upinzani, wakadai kuwa kuchovywa kidole ni kumfananisha muungwana na mhalifu. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli kabisa. Waafrika walikuwa wameitoa kwa miaka 27. Tume iliyoongozwa na Bertrand Glancy ilisikiliza malalamiko hayo mwaka 1949, na njia ikapatikana: waliojua kusoma na kuandika waliruhusiwa kutoa picha na saini badala ya vidole. Kwa vitendo, wino ukabaki kuwa wa Mwafrika wa kawaida.

PICHA ZA MWAKA 1953

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Thuku alikuwa upande wa serikali bila kificho, akazungumza redioni kuilaani Mau Mau. Sauti iliyokuwa imewataka watu wamwage vipande vyao langoni mwa Gavana sasa ilisafiri kwenye mawimbi ya Gavana mwenyewe.

Katika Bonde la Ufa, wakati huohuo, kamera iliongezwa kwenye wino. Wakikuyu walioishi katika mashamba ya walowezi na mitaa ya Waafrika walitakiwa wapigwe picha kwa ajili ya kadi mpya. Wengi walikataa. Mapema mwaka 1953 maelfu kwa maelfu ya maskwota, wengine wakiwa wamezaliwa Bonde la Ufa na hawakujua kwingine, walifukuzwa au waliondoka wenyewe, wakajazwa kwenye malori na magari moshi kupelekwa Kiambu, Murang'a na Nyeri, ambako wengi hawakuwa na hata kiunga cha ardhi.

Mtu wa leo, anayejipiga picha mwenyewe mara kumi kabla ya chakula cha mchana, aweza kushangaa kwamba familia iliacha ng'ombe na mahindi yaliyo shambani kwa kukataa picha moja. Lakini wao hawakukataa picha. Walikataa kuwa sura inayoweza kuonyeshwa kwa askari asiyewajua, mahali wasipokuwapo, na kutolewa hukumu. Mwaka uliofuata, Aprili 1954, maelfu walizungushiwa askari Nairobi katika Operesheni Anvil. Wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, na kichwa cha mfunikwa kikitikisika tu, mtu alipelekwa kizuizini. Ukilinganisha na hayo, kabati la Edward Henry lilikuwa na haki zaidi, maana kidole angalau hakina chuki.

Thuku aliyashuhudia hayo akiwa Kambui na kahawa yake. Uhuru ulikuja Desemba 12, 1963. Serikali ya Waafrika ilirithi ofisi ya usajili pamoja na kabati zake, ikaendelea kuchukua alama za vidole, safari hii kwa wote bila picha ya kumwokoa aliyesoma. Wanawake wa Kenya waliingizwa katika utaratibu huo mwishoni mwa miaka ya 1970, na wengi wao walifurahi, kwa kuwa kufikia wakati huo asiye na kitambulisho hakuweza kufungua akaunti ya benki wala kumiliki shamba kwa jina lake. Kitu kilichobuniwa kumzuia mtu kuondoka shambani kilikuwa kimegeuka mlango ambao bila kuupita hakuna awezaye kuingia.

Harry Thuku alifariki dunia Juni 14, 1970. Mwaka huohuo kitabu cha maisha yake, alichokitayarisha kwa msaada wa mwanahistoria Kenneth King, kilitolewa Nairobi. Aliyekuwa ameanza kazi kwa kupanga herufi za watu wengine katika gazeti la walowezi hatimaye alipangiwa zake, kwa jina alilolichagua mwenyewe.